Nilimjibia Kila Asubuhi

Kabla ya kompyuta kuanza kutuhesabu, ofisini kwetu tulikuwa na daftari. Lilikuwa kubwa, la jalada jeusi, na kalamu yake ilifungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mapokezi, maana kampuni inayowakatia watu bima ya wizi inajua vizuri kwamba kalamu huibwa. Kila mfanyakazi alitia sahihi akiingia. Saa mbili na robo mkuu wa utawala alipiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho, na aliyefika baada ya mstari alikuwa na kazi ya kujieleza. Mimi nilijieleza sana miaka ile. Sikuwa mtu wa asubuhi, na mdomo wangu ulikuwa mwepesi kuliko miguu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Ikifika saa nne na jina lako halina sahihi, wala hujampigia mtu simu, tarishi alichukua baiskeli yake akaja mpaka kwako. Wageni kazini walidhani anatumwa kupeleleza, wakanuna. Yeye alisimama langoni, akabisha, akasema maneno yale yale siku zote: "Biro inauliza kama uko." Biro, ndivyo tunavyoiita ofisi. Ukiwa mzima ulimjibu, akageuza baiskeli. Ukiwa na msiba, alirudi na habari, na jioni nusu ya ofisi ilikuwa imekaa uani kwako. Tuliiita safari ya saa nne. Hakuna aliyejua ilianza na nani.

Mimi ilinikuta. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, nikiishi peke yangu, na malaria ilinipiga usiku mmoja nikashindwa hata kuifikia simu iliyokuwa mezani. Nakumbuka baridi ya sakafu kwenye shavu, ndoo iliyopinduka, halafu sauti dirishani: "Biro inauliza kama uko." Nilikuwepo, ila sikuweza kusema. Tarishi alivunja komeo kwa chuma cha kufungulia tairi na akanibeba mgongoni hadi barabarani.

Nilipopona niliambiwa kwamba siku ile mkuu wa utawala hakuwepo, na tarishi alikuwa na barua za kupeleka bandarini. Aliyeng'ang'ania ni mzee niliyekuwa nakaa naye meza moja, idara ya ajali. Alisimama mapokezi akasema, "Tuma mutu kwanza. Huyu mutoto anachelewa, lakini hakosi."

Huyo mzee ndiye ninayetaka kumkumbuka hapa, na sina njia ya kumkumbuka bila kujikumbuka mimi.

Alikuwa ameifanya kazi ya kusoma ajali kwa miaka iliyozidi yangu mara tatu. Mtu analeta maelezo, deklarasio tulivyoyaita, kwamba gari lake limegongwa likienda, mzee anasoma, anavua miwani, anasema, "Hii gari ilikuwa imesimama. Na mwenyewe alikuwa anakunywa bia." Mara nyingi alikuwa sahihi. Akishamkamata mtu aliandika pembeni ya jalada kwa penseli, njia ya mwongo ni fupi, halafu akaifuta kabla jalada halijapanda kwa wakubwa. Aliishi Cibitoke, kaskazini mwa mji, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe chumba kwa chumba. Mke wake alikuwa amekwenda Gitega, juu milimani, kumuuguza mama yake, na wakati huo alikuwa na miezi mingi huko. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, wa kujidunga sindano. Alijidunga palepale mezani, amegeukia ukuta kidogo, na akimaliza alisema, "Haya, gari imewekwa mafuta."

Halafu mafuta yenyewe yakakosekana mjini.

Nani asiyekumbuka. Magari yalipangwa foleni kutoka kituo cha mafuta hadi yalikotoka, madereva wakilala ndani siku mbili, tatu. Basi zikapungua, kisha zikawa habari ya kusimuliana. Watu walitembea. Mkurugenzi wetu mpya, kijana wa Kiriri, mtaa wa wenye nacho, ambaye kwake umeme ukikatika jenereta inawaka kabla hujasema kitu, alituita akatutangazia kwamba kampuni imepata suluhisho. Siku mbili ofisini, siku tatu nyumbani. Alisema ndivyo kampuni za dunia nzima zinavyofanya sasa. Alisema pia kwamba asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo kila mmoja ahakikishe anaonekana.

Mzee aliniinamia akanong'ona, "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Wacha maneno, muzee," nikamwambia. Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kujieleza kwa sababu ya mstari mwekundu.

Wa kwanza kuondoka alikuwa tarishi. Hakufanya kosa. Barua ziliingia kwenye kompyuta, na mtu akiwa nyumbani huwezi kumtuma mtu nyumbani kwake kuuliza kwa nini hayupo ofisini. Tulimchangia, akapewa cheti, akaondoka na baiskeli yake. Sikufikiria kitu. Baada yake ikaondoka ghorofa ya pili, ikarudishwa kwa mwenye jengo, na meza zetu zikawa za yeyote atakayewahi. Siku moja nilikuta kiti changu kimekaliwa na mtu wa idara ya bima ya maisha ambaye hata hakunitazama. Daftari jeusi nililiona mara ya mwisho chini ya ngazi, limewekewa ndoo ya kudekia juu yake.

Badala ya daftari tukapewa dirisha kwenye kompyuta. Majina yetu yalipangwa upande wa kushoto, na kila jina lilikuwa na nukta. Ukigusa kompyuta, nukta ni ya kijani. Ukiiacha dakika kumi, inakuwa njano. Ukiizima, kijivu. Na kila asubuhi saa mbili mkurugenzi aliandika salamu, na kila mmoja alipaswa kujibu kabla ya nusu saa kupita. Alisema neno lolote linatosha. Wa kwanza kujibu siku ya kwanza kabisa alikuwa mzee, kwa vidole viwili: "Niko, namushukuru Mungu." Wengine tukafuata na "Niko" zetu fupi. Yeye peke yake aliendelea na Mungu wake kila siku.

Haikuchukua wiki tatu kabla ya transfoma ya mtaa wao Cibitoke kuungua. Wakaambiwa wangoje. Wakangoja. Kompyuta ya kampuni ilikuwa na betri iliyokufa, ukichomoa waya inazimika, na nukta ya mzee ikaanza kuwa kijivu. Mkurugenzi alimwandikia barua ya kwanza. Alikuja nayo ofisini ameikunja mfukoni, akanionyesha. Ilisema kwamba kutoonekana mara tatu kwa mwezi ni sawa na kuacha kazi. Alikuwa amebakiwa na miaka miwili kustaafu.

Hapo ndipo nilipotoa wazo langu. Lilikuwa wazo zuri, na nililitoa kwa kujidai.

Mimi niliishi Kibenga, kusini, kando ya ziwa, nyumba ndogo ya uani. Mwenye nyumba kubwa alikuwa nje ya nchi, ameacha mitambo ya jua juu ya paa, na mimi nilikuwa nalipa kodi na kufaidi umeme wake. Nikamwambia mzee, "Leta mashini yako kwangu. Kwangu moto haukatiki." Moto, ndivyo tunavyouita umeme. "Utakuja Jumatatu na Alhamisi, tunafanya dosiye zote za ajali pamoja. Siku zingine mi nakujibia."

Alinitazama juu ya miwani. "Hiyo ni deklarasio ya uongo."

"Uongo gani? Kazi si utakuwa umefanya?"

"Kazi ni kazi. Kuwa mahali ni kitu kingine." Lakini alicheka, na Alhamisi iliyofuata alikuja na kompyuta ndani ya mfuko wa mchele. Mkono wa pili alishika kisanduku kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cha mkononi. Zilikuwa chupa zake za insulini. "Kama moto haukatiki, na hizi zikae," akasema. Bati la nyumba yake lilikuwa likiwaka mchana, na chupa moja ilikwisha kumharibikia. Ile aliyokuwa anaitumia aliiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji, ipate baridi. Zilizobaki zikae kwangu, atachukua moja moja.

Basi friji yangu ikawa na maziwa, nyanya, pilipili na uhai wa mtu mwingine, na meza yangu ikawa na kompyuta mbili. Asubuhi niliandika "Niko" yangu, nikavuta kompyuta ya pili, nikaandika "Niko, namushukuru Mungu." Wiki za kwanza nilimpigia kabla ya kuandika. Alikuwa na simu ndogo ya vibonyezo, na aliichaji kwa jirani yake fundi wa kuchomelea, siku jenereta ya fundi ilipopata mafuta. Nikimpata alisema, "Andika, mwanangu, niko." Nisipompata niliandika vilevile na kumwambia akija. Taratibu nikawa siandiki baada ya kupiga. Napiga baada ya kuandika. Kisha siku nyingine sipigi.

Ziwa nalo lilikuwa linapanda. Kibenga yote ilikuwa inalizungumzia. Nilichomeka kijiti mwisho wa ua, na kila Jumapili nilikikuta ndani ya maji zaidi. Ukuta wa jirani wa upande wa chini ulilala kifudifudi mchana mmoja wakati tuko kwenye mkutano wa kompyuta, na hakuna aliyeusikia isipokuwa mimi, kwa sababu sauti yangu nilikuwa nimeifunga. Vyura waliingia jikoni. Nilisema nitahama, nikasema tena, na kila asubuhi nilifungua kompyuta mbili nikaona kijani mbili, nikatulia.

Siku za ofisini nazo zikafutwa mpaka mafuta yapatikane. Hapo tukawa hatuonani kabisa.

Alhamisi ya mwisho mzee alikuja amechelewa, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini kwa sababu ya maji ya njiani. Alikuwa ametembea kutoka katikati ya mji. Tulifanya kazi hadi saa tisa. Nikamwambia achukue chupa moja aende nayo kabisa. Akakataa.

"Ile iko nyumbani itanifikisha Jumapili," akasema. "Jumatatu nitabeba ingine. Nikiibeba leo joto litaila bure."

"Na Jumatatu ukikosa usafiri?"

"Jumatatu mi niko hapa. Mara ngapi nimekosa?"

Hakuwahi kukosa. Nilimsindikiza hadi penye ukavu, akavaa viatu, akaenda.

Jumatatu hakuja. Nilijiambia ni usafiri. Saa mbili niliandika, "Niko, namushukuru Mungu." Nikampigia, simu imezimwa. Jenereta ya fundi, nikasema moyoni, mafuta hakuna.

Jumanne niliandika. Nikapiga, imezimwa.

Jumatano niliandika mapema kwa sababu nilikuwa na ripoti ya mwisho wa mwezi. Sikupiga. Nataka iandikwe hapa kwamba sikupiga. Nilikuwa na hasira naye kidogo, nikisema mtu mzima anashindwa hata kuazima simu.

Alhamisi maji yalifunika barabara yetu yote, na hiyo ilinipa sababu nyingine ya kutokumwona. Kila kitu kilikuwa na sababu yake. Saa sita nilifungua friji kutoa nyanya, na kisanduku kilikuwa palepale, na kitambaa chake. Nilikifungua. Chupa tatu. Jumapili ilikuwa imepita siku nne. Nilizitazama hadi friji ikaanza kunguruma, kisha nikaifunga nikarudi mezani, maana mkurugenzi alikuwa amemwandikia mzee swali kuhusu jalada la lori lililoanguka Bugarama. Nilijua mzee angejibu nini. Nikajibu kama yeye, nikaweka hata zile nukta zake mbili mbili za mwisho wa sentensi. Mkurugenzi akarudisha, "Asante sana mzee, kazi nzuri." Niliona fahari.

Ijumaa saa mbili niliandika kwa mara ya mwisho, "Niko, namushukuru Mungu." Nukta ikawa kijani. Nilikunywa chai. Nikafanya jalada moja, la pili likanishinda. Nilikuwa nasoma mstari mmoja narudia. Nilitazama saa ya ukutani nikaona ni saa nne kamili, na nikawa naisikia ile sauti ya dirishani, neno kwa neno. Biro inauliza kama uko. Nikajua kwamba kwa siku tano biro imekuwa ikiuliza, na mimi nimekuwa nikijibu.

Nilitia chupa zote tatu kwenye thamosi ya maji baridi, nikavua viatu, nikatoka. Kompyuta niliziacha zinawaka.

Kutoka Kibenga hadi Cibitoke ni kuuvuka mji mzima. Nilipata baiskeli kipande, pikipiki kipande kwa bei ya aibu, kilichobaki nilitembea nusu nakimbia. Kwenye vituo vya mafuta madereva walikuwa wamelala, miguu nje ya milango. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga aliniuliza ninakimbilia nini, na kwa mara ya kwanza nilisema kwa sauti, nikamwambia nampelekea mgonjwa dawa. "Mungu akufikishe," akasema.

Mlango wa mzee ulikuwa umeegeshwa kwa tofali, kitasa kimeng'olewa. Fundi wa kuchomelea alikuwa amekaa nje ya karakana yake isiyo na umeme, mikono mitupu. Nilimwuliza mzee yuko wapi. Alitazama thamosi, akanitazama mimi.

"We ni wa biro?"

"Ndiyo."

"Mulitumiwa habari saa ngapi?"

Sikuelewa. Akasimama. Aliniambia kwamba siku zote hizo waliona mlango umefungwa wakasema mzee yuko kazini, Kibenga, labda amelala huko kwa sababu ya usafiri. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye foleni ya mafuta tangu Jumapili. Jana jioni alirudi, akaenda kumwambia mzee alete simu aichaji, akasikia pumzi nyuma ya mlango. Wakauvunja. Walimtia kwenye mkokoteni hadi hospitali, watu wanne wakisukuma.

"Amekufa leo asubuhi," akasema. "Saa kumi na moja, jua bado."

Jirani zake walijua yuko kazini, na sisi kazini tulijua yuko nyumbani. Nilikaa chini kwenye vyuma vyake. Nilikuwa nimeandika saa mbili. Mzee alikuwa na saa tatu tangu afe, na mimi nikamshukuria Mungu.

Tulimzika. Siku ya kuondoa kilio kidogo, yaani kufunga matanga kwa mara ya kwanza, tulikaa uani kwake, viti vya plastiki, vinywaji, na wenzangu ambao sikuwa nimewaona uso kwa uso kwa miezi. Wengine walikuwa wamenenepa, wengine wamekonda, mmoja alikuwa mjamzito na hatukujua. Tarishi wetu wa zamani alikuja na baiskeli yake. Alinishika mkono kwa mikono miwili akaniuliza, "Nani alikwenda kumuangalia?" Nikasema, hakuna.

Mkurugenzi alisimama kusema. Alisema vizuri, si mtu mbaya. Alisema mzee alikuwa mfano wa namna mpya ya kufanya kazi. Akatoa karatasi mfukoni, maana alikuwa amechapisha mahudhurio yake, akayainua watu waone. Hakukosa hata siku moja, akasema. Mpaka Ijumaa yake ya mwisho alijibu saa mbili asubuhi kwamba yuko na anamshukuru Mungu. Watu wakaguna kwa heshima, mama mmoja akasema amina. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya fanta na sikuinua macho. Nilipoyainua, mjane wake alikuwa ananitazama. Sijui kwa nini alinichagua mimi kati ya wote. Labda mimi peke yangu ndiye sikuwa nikiitazama karatasi.

Niliiacha ile chupa ya fanta chini ya kiti.

Nilirudi Kibenga. Kompyuta yake hakuna aliyekuja kuichukua. Jumatatu saa mbili mkurugenzi alitoa salamu, tukajibu mmoja mmoja, na jina lake lilikuwa bado kwenye orodha, nukta ya kijivu. Hakuna aliyelifuta. Maji yalikuwa yamekifunika kijiti changu hata sikuweza kuonyesha kilipokuwa.

Siku ya tisa baada ya kilio mjane alikuja. Nilimwona kutoka dirishani akivuka maji, kitenge kimepandishwa, viatu mkononi kama mume wake. Nilimkaribisha, akakaa kwenye kiti kile kile alichokuwa akikaa mzee, bila mimi kumwonyesha. Alikubali maji ya kunywa, akayaweka pembeni.

"Alikuwa anakusema sana," akaanza. "Anasema, mwanangu wa Kibenga ananichungia dawa."

"Ndiyo, mama."

"Mi nataka kukuuliza kitu kimoja. Ile Jumatano nilikuwa nampigia, simu haiiti. Nikaota vibaya. Nikafunga sanduku nishuke, lori ya ndizi ilikuwa inanikubali. Halafu nikasema, acha nipige biro mbele, ndipo niondoke." Alizungumza polepole, kama mtu anayepanga vyombo. "Shefu wenu mukubwa akanijibu mwenyewe. Akaniambia, mama tulia, yuko. Namuona hapa. Ameandika leo asubuhi."

Nje vyura walikuwa wanalia mchana kweupe.

"Nikafungua sanduku," akasema. "Sasa shefu anasema hata Ijumaa aliandika. Ijumaa saa mbili mi nilikuwa njiani, nimeshaambiwa. Nani alikuwa anaandika?"

"Ni mimi, mama."

Hakupiga kelele. Ningemshukuru kama angepiga. Alitazama zile kompyuta mbili mezani, moja baada ya nyingine, akauliza, "Mbele ya kuandika, ulikuwa unamupigia?"

"Wiki za kwanza, ndiyo."

"Na ile wiki?"

"Jumatatu na Jumanne, nikishaandika. Jumatano apana."

Aliitikia kwa kichwa, kama unavyoitikia mtu akikuelekeza njia. Nilianza kusema nisamehe, akainua mkono, nikanyamaza. Niliona ananisikiliza bado, lakini si hilo alilolitaka. Akasimama, akavuta kitenge vizuri.

"Nipatie dawa yake."

Nilikuwa nimezirudisha kwenye friji siku ile ile nilipotoka Cibitoke, sijui kwa nini, mikono ilifanya yenyewe. Nilimpa kisanduku na kitambaa chake. Alikifungua, akatoa chupa moja, akaifumba kwenye kiganja.

"Bado iko baridi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kuna mama mumoja kanisani kwetu anasumbuka na hii sukari." Aliniinulia macho. "Inaponya bado?"

Nikamwambia ndiyo, inaponya bado.